Sanduku la Januari

Kondoo alikuwa ameganda kwenye gazeti. Nilimvuta taratibu, rangi nyeupe ya ubavuni ikabanduka na kubaki kwenye karatasi, na pale ilipotoka nikaona herufi za gazeti zimejichapa kinyumenyume juu ya jasi. Ilikuwa Desemba 23, 1994, saa kumi jioni. Mvua ilikuwa inapiga bati la sakristia ya kigango chetu, Mlimba, kiasi kwamba tulisemezana kwa kupaza sauti. Nilikuwa na miaka 15, na boksi lile nililifunga mimi kwa mikono yangu mwezi Januari.

Chini ya kondoo kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kwa nyuma, pale boksi lilipoegemea ukuta, wakatoboa katoni, wakala nyasi kavu nilizotandika kama godoro, kisha wakajenga vijia vyao katikati ya wachungaji. Ng'ombe alikuwa chini kabisa, amekaa kwenye unyevu mwaka mzima. Nilipomwinua, kiwiliwili kilikuja mkononi na miguu ikabaki. Kidole cha Mtoto Yesu, cha mkono wa kuume ulioinuliwa kubariki, kilikuwa kimepasuka kwa mstari wa rangi ya kutu. Mipira ya kioo, ambayo sisi watoto tuliita matunda, ilikuwa 12. Mitano tu ndiyo ilikuwa mizima, na kati ya hiyo miwili ilikuwa inabanduka rangi kama ganda la kitunguu.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa miongoni mwa akina mama waliokuja kusafisha kanisa kwa ajili ya Noeli. Alisogea, akachungulia ndani ya boksi, wala hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja.

"Ulivianika?"

"Bibi, hivi si mpunga."

"Mke mwenzangu, nimekuuliza, ulivianika?"

Sikuwa nimevianika. Na ninapokumbuka Januari ile, kinachoniuma hadi leo ni kwamba kila nilichofanya nilikifanya kwa nia ya kulinda. Jumapili ya Ubatizo wa Bwana, siku ambayo kipindi cha Noeli hufungwa, Mwalimu (ndivyo tunavyomwita katekista) alinikabidhi pango lote nilibomoe na kulihifadhi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kati ya watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto kanisani. Niliona sanamu zina vumbi na masizi ya mishumaa, nikazifuta kwa kitambaa cha maji na sabuni. Nikazifunga palepale kwa magazeti. Mipira ya kioo na Mtoto Yesu nikavitia kwenye mifuko ya nailoni, nikakaza fundo kabisa maji yasipenye. Nyasi za hori zilizobaki nikazifanya godoro. Boksi nikalisukuma kwenye kona, sakafuni, ukutani, mahali ambapo hakuna atakayelikanyaga. Nikaondoka nimeridhika.

Sikujua kwamba jasi inakunywa maji. Sanamu za namna ile zimetengenezwa kwa jasi iliyochomwa, ikasagwa, ikakorogwa na maji na kumiminwa kwenye kalibu. Ikikauka ni ngumu kama chaki nzuri, na kama chaki, ina vitundu visivyoonekana ambavyo hunyonya unyevu wa kitambaa na hata wa hewa. Rangi imekaa juu tu, kama ngozi. Jasi ikilowa ndani, ngozi inaachia. Vidole vya sanamu na masikio ya punda mara nyingi huwekewa waya wa chuma ndani ili visikatike, na waya ukishapata unyevu unashika kutu, kutu inavimba, na kidole kinapasuka bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo nilipokaza lile fundo la nailoni sikuwa nimeyazuia maji yasiingie. Niliyafungia ndani.

Anayeishi Dodoma anaweza kufanya yote niliyofanya na asipate hasara kubwa. Bonde la Kilombero ni habari nyingine. Mlimba ipo chini ya miteremko ya Udzungwa, na mawingu yanayogonga milima ile hutumwagia sisi. Mvua inaanza Novemba, inakatikakatika Januari na Februari, kisha masika inakuja yenyewe hadi Mei. Chumvi ya mezani inashikana. Viatu vya ngozi vikikaa wiki mbili chini ya kitanda vinaota ukungu wa kijani. Hapa kitu dhaifu hakihitaji kuanguka ili kiharibike, kinaharibikia palepale kilipolazwa, kimya, miezi 11, na mwenyewe akijua kipo salama.

Zile sanamu hazikuwa na thamani ya kuandikwa kwenye kitabu. Lakini zilikuwa na njia ndefu nyuma yake, na njia hiyo naipenda. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliomba aandaliwe hori lenye majani makavu, na ng'ombe na punda hai, ili watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mtoto. Hapakuwa na jasi wala rangi. Karne saba baadaye Makapuchini kutoka Uswisi, ambao ni wana wa Fransisko huyohuyo, walikuja katika nchi ya Mahenge na bonde hili miaka ya 1920 kuendeleza kazi ambayo Wabenediktini walikuwa wameianza Kwiro mwaka 1902. Hospitali kubwa ya Ifakara ina jina la Fransisko. Na desturi ya pango ilishika mizizi bondeni kama ilivyoshika minazi pwani: kigango kinaweza kukosa kinanda, hata benchi, lakini pango lazima liwepo. Pengine ni kwa sababu watu wa huku hawahitaji kuelezwa hori ni nini, wala kulala nje na mifugo.

Jioni ile ya Desemba 23 pango halikuwa na ng'ombe. Mwalimu alisema tutaendelea na punda peke yake. Mdogo wangu, ambaye alikuwa na miaka tisa, hakusema neno. Asubuhi ya mkesha aliondoka na kopo, akarudi na udongo wa mfinyanzi wa kando ya kijito, akakaa nyuma ya nyumba hadi mchana. Aliporudi alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wa kwetu, mwenye nundu, shingo fupi, na pembe zilizotengenezwa kwa miiba miwili. Alimkausha kando ya mafiga, nundu ikapata ufa, akaupaka udongo mwingine wa majimaji kwa kidole. Alama ya kidole chake cha miaka tisa bado ipo juu ya nundu ile. Usiku wa misa ng'ombe yule alilala karibu na hori, mweusi kidogo kuliko wenzake wote, na hakuna aliyeuliza.

Ng'ombe hakuchomwa. Ni udongo mbichi uliokauka, na ndiye kitu dhaifu kuliko vyote tulivyonavyo hadi leo. Jasi ukiimwagia maji utaiharibu rangi, utailainisha, lakini utaokoa kitu. Udongo mbichi ukiumwagia maji unarudi kuwa tope. Kwa hiyo Januari 1995, nilipomwendea Bibi na kumwambia anifundishe, nilikuwa nafikiria nundu ile.

Bibi hakujua lolote kuhusu mapambo ya Krismasi. Alijua mbegu. Mpunga wa kula unaweza kuusamehe kosa dogo, alisema, utapika hata ukiwa na harufu kidogo. Mbegu haisamehe. Ukiikosea hutajua leo wala kesho, utajua msimu ujao ukiwa umekwisha kumwaga jasho shambani na hakuna kinachoota. Nilikuwa nimemwona tangu utotoni akianika mpunga wa mbegu kwenye jamvi, akitembea ndani yake kwa kuburuza nyayo ili kuugeuza, akiuanua kabla umande haujaanza kushuka. Sikuwahi kuuliza kwa nini hakuufunga siku hiyohiyo. Sasa alinieleza. Mpunga ukiuweka kwenye kiroba ungali na joto la jua, utatoa jasho usiku, na jasho hilo halina pa kwenda. Unauacha kivulini upoe. Kesho yake unachukua punje, unaiweka kwenye meno. Ikikatika kwa mlio, ka!, imekauka. Ikilegea, rudisha jamvini.

Tukaanika sanamu. Hazikuwekwa juani, kwa sababu Bibi mwenyewe alishaona kanga zinavyopauka kwenye kamba na akakataa rangi isichomwe. Tuliziweka kwenye kibaraza, upande wa upepo, juu ya jamvi, siku tatu mfululizo za mapumziko ya mvua, na kila jioni tukaziingiza ndani. Watu waliopita walisimama kuwaangalia Mamajusi wamepangwa kibarazani kama wageni wanaosubiri chakula. "Shikamooni," kijana mmoja aliwaamkia akicheka, na Bibi akamwitikia kwa niaba yao, marahaba.

Tatizo likawa mahali pa kuziweka. Mbegu ya Bibi ilikaa jikoni, kwenye kichanja juu ya mafiga, ambako moshi unafukuza wadudu na joto la moto linazuia unyevu. Ilionekana jibu liko wazi. Sanamu zikapanda kichanjani, zimefungwa kwenye vitambaa, zikakaa huko hadi Desemba. Hakuna mchwa, hakuna ukungu, hakuna panya aliyegusa. Tulipozifungua, uso wa Bikira Maria ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na mabawa ya malaika yalikuwa kama yamepita kwenye tanuri la mkaa. Masizi yalikuwa yamepenya vitambaa na kuingia kwenye vile vitundu vya jasi, na hayatoki. Bibi aliushika ule uso kwa muda mrefu.

"Mbegu haina uso," alisema. "Hapo sikufikiri."

Nimekutana na watu wengi wenye elimu ambao hawawezi kusema neno hilo la mwisho.

Kutoka mwaka ule tulianza kutafuta njia yetu, na sehemu ya njia ilitoka kwa baba. Baba alikuwa kwenye genge la reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, na kipande cha kutoka Mlimba kupanda Makambako ndicho kigumu kuliko vyote, milima, madaraja na mahandaki yanayofuatana. Treni ndiyo iliyokuwa inatuletea matawi ya msonobari kutoka kule juu kwenye baridi, kwa sababu msonobari haupatani na joto letu. Baba alikuwa ameshusha mizigo ya kila aina: vioo vya madirisha, chupa, mayai. Alinitazama nikiifunga mipira ya kioo mmoja mmoja kwa kitambaa kinene sana, kisha nikaitupa ndani ya boksi kubwa lenye nafasi ya kutosha.

"Mwanangu, mzigo hauvunjwi na kupigwa. Unavunjwa na kucheza," alisema. Alilifunga boksi, akaliinua hadi sikioni, akalitikisa kidogo. "Unasikia? Kuna kitu kinaongea. Fungua." Nikafungua, nikajaza nafasi. Akatikisa tena, akafungua tena. Mara ya nne boksi lilikaa kimya. Hadi leo sifungi sanduku bila kulitikisa na kusikiliza, na wanaonisaidia wananiona nimeweka sikio kwenye bati kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa.

Nafasi ile tuliijaza kwa nini? Kwa vitu vilivyoko bondeni, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kwa kukosea. Sufi ilikuja kwanza. Misufi ipo mingi, na sufi ni kitu cha ajabu: nyepesi, inabonyea na kurudi, na maji hayaipendi kwa sababu uzi wake una nta ya asili. Zamani mabaharia walivaa maboya yaliyojazwa sufi. Hakuna pamba ya dukani inayokumbatia mpira wa kioo kama sufi. Lakini panya nao wanaijua. Katoni yenye sufi ni nyumba ya uzazi, na mwaka mmoja tulikuta watoto saba wa panya, wekundu, hawajafungua macho, wamelala baina ya Yusufu na punda. Kwa hiyo sufi haiwekwi popote isipokuwa ndani ya sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, lenye kufuli.

Sanduku la bati nalo lina kasoro yake. Mchana linapata joto, usiku linapoa, na linapopoa hutoa jasho kwa ndani. Tulilivisha gunia la katani lililofuliwa na kukauka, pande zote hadi kwenye kifuniko, kisha chini tukamwaga pumba za mpunga, lile ganda gumu la nje linalorundikana nyuma ya mashine za kukoboa na kuchomewa matofali. Pumba hazina chakula cha mdudu ukizipepeta vizuri, ukatoa chenga zote. Na hapo likaingia somo la bwana shamba, ambaye aliwafundisha wakulima wetu kupima ukavu wa nafaka bila kifaa. Chukua chupa ya kioo kavu, weka nafaka, weka kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa nguvu, iache itulie dakika chache. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, bado kuna maji. Ikishuka yote chini, kumekauka. Mimi nikaitumia kwa pumba. Bibi, ambaye meno yalikuwa yameanza kumtoka, aliipenda sana chupa ile.

Kitambaa cha kufungia ni kanga kuukuu, iliyofuliwa mara nyingi hadi imekuwa laini na haina cha kuchuja. Usitumie kanga mpya, hata ikiwa zawadi. Nina mchungaji mmoja mwenye mgongo wa rangi ya waridi hadi leo kwa ajili ya kanga niliyopenda sana maua yake. Gazeti sitaki kuliona. Nailoni vilevile, na mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, nilifurahi kwa ajili ya mito na mifereji, na nilifurahi pia kwa ajili ya jasi.

Mipira ya kioo inataka maneno yake peke yake. Tuliachiwa na sista mmoja mzee alipokuwa anarudi kwao Ulaya, na yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuishika. Aliushika mmoja kwenye kikofia chake cha chuma, akausimamisha mbele ya dirisha, nikaona kwamba ukuta wake ni mwembamba kuliko ganda la yai. Aliniambia kazi hii ilikulia Lauscha, mji mdogo wa mafundi wa kioo katika milima ya Thuringia, Ujerumani, ambako tangu karne ya 19 watu walikaa nyumbani mwao wakipuliza kioo juu ya moto, na mengi ya mapambo ya mwanzo yalikuwa na sura ya matunda na kokwa. Nilimwambia sisi tunaita matunda. Alifurahi akanishika shavu.

Mng'ao wa fedha wa mpira ule umepakwa kwa ndani, rangi imepakwa kwa nje, na vyote viwili ni adui wa maji. Maji yakiingia kwenye shingo, mng'ao unapata mabaka meusi ambayo hakuna anayeweza kuyafikia. Kitambaa chenye maji kikipita juu, rangi inaondoka. Sista alitumia brashi laini ya kunyolea. Mimi natumia unyoya wa kuku, ule mpana wa bawa. Kulabu zote zinatolewa na kutiwa kwenye kikopo chao, kwa sababu kulabu ya mpira mmoja hukwaruza uso wa jirani. Kisha kila mpira unakaa kwenye tundu lake katika trei ya mayai ya karatasi, shingo juu, sufi kidogo chini, sufi kidogo juu, na trei ya pili inafunika kwa kichwa chini. Mikubwa isiyoenea kwenye trei inapata vifuu vya nazi. Kwa njia hii mipira mitatu kati ya ile mitano ya mwaka 1994 bado inaning'inia kila Noeli. Wa nne ulianguka mikononi mwa mtoto wa miaka minne. Ulianguka siku ya sikukuu, mbele ya watu, ukiwa kwenye kazi yake, na sikuulilia. Wa tano niliupasua mwenyewe kwa kidole gumba, kwa kuushika kama chungwa.

Kuhusu taa za umeme sina mengi: zungusha waya kwenye kipande cha ubao usiupinde kwa nguvu, na zile za betri toa betri siku hiyohiyo, maana betri iliyosahaulika huvuja na kula kila kilicho karibu nayo.

Sanduku halikai sakafuni, na halikai darini pia, ambako chini ya bati joto la Oktoba hulainisha rangi hadi inanata. Linakaa kwenye kichanja cha mbao, urefu wa kiuno, katikati ya sakristia, mbali na ukuta kwa shibiri mbili. Kila mguu wa kichanja umesimama kwenye kopo lenye oili chafu, kama kitanda cha mgonjwa kinavyokingwa na siafu. Mwezi Julai, bonde likiwa limekauka na mpunga umeshavunwa, nalifungua. Sisubiri Desemba tena. Nafunua, nanusa kwanza, kwa sababu ukungu hunukia kabla haujaonekana, naviacha vitu vyote kibarazani tangu asubuhi hadi alasiri, navirudisha. Bibi alikuwa anafanya vivyo hivyo kwa mbegu katikati ya kiangazi. Alifariki mwaka 2009, mwezi wa mavuno, na mbegu ya mwaka ule tuliikuta imeshatengwa.

Masika ya 2024 maji yaliingia kwenye nyumba nyingi za bonde. Mimi nafundisha Ifakara, na barabara ilikuwa haipitiki. Kwa siku mbili simu ya Mwalimu, katekista wa sasa, haikupatikana. Ninakiri kwamba baada ya kuuliza habari za watu wote niliowajua, nilikuwa namfikiria ng'ombe. Mdogo wangu siku hizi yupo Zambia, Kapiri Mposhi, mwisho wa reli ileile baba alikokuwa anashindilia kokoto chini ya mataruma. Hutuma ujumbe kila Desemba 24: ng'ombe yupo? Nami humpigia picha nundu. Siku ya tatu Mwalimu alinipigia. Maji yalikuwa yameingia sakristia hadi kwenye vifundo vya miguu. Oili ya kwenye makopo ilielea, vitabu vya nyimbo vilivyokuwa kwenye rafu ya chini vilikwisha. "Kichanja kimesimama, Mama," alisema. "Nimelitikisa sanduku. Limenyamaza."

Nilipofika Julai kulikuwa na unyevu kidogo kwenye gunia la chini, na kwato moja ya ng'ombe ilikuwa imelainika na kuacha alama ya kanga. Nilimwanika kivulini siku nne. Sikuigusa ile kwato wala sikuipaka kitu. Nimeona sanamu nyingi zikiharibiwa na gundi ya mtu mwenye haraka kuliko zilivyoharibiwa na mvua.

Wapo wanaoniambia, na wanasema kwa upendo, kwamba siku hizi kuna sanamu za plastiki za bei nafuu, hazipasuki, hazilowi, unazitupa kwenye kiroba na kuzisahau. Ni kweli. Mimi ningependa zaidi tuchongewe nyingine za mninga au za udongo uliochomwa vizuri, zenye sura za bonde, na nimeshalisema jambo hilo kwenye jumuiya. Lakini hata zikija, yule Bikira Maria mwenye uso wa rangi ya chai hatoki. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanadhani ndivyo alivyotengenezwa, na wanampenda kwa sababu anafanana na mama zao.

Januari ya mwaka huu nilikuja kwa treni nikiwa na likizo ya siku tano. Watoto sita walinisaidia kubomoa pango. Nilimpa kila mmoja kitu kimoja tu cha kushika, kwa mikono miwili, chini na mgongoni, kamwe si kwa shingo wala mkono. Tulipanga wote kibarazani. Msichana mmoja wa miaka 11, mwenye kuuliza maswali mengi, ndiye aliyeandika kwa penseli orodha ya kubandika ndani ya kifuniko, kwa sababu wino huyeyuka: wachungaji watatu, mmoja mgongo mwekundu, malaika, bawa la kushoto limeungwa, ng'ombe wa udongo, usimguse kwa mikono yenye maji. Siku ya tatu mchana niliona mawingu yanajikusanya upande wa Udzungwa, na treni yangu ilikuwa inapita kesho yake. Nikasema tufunge.

Yule msichana alikuwa na chupa ya Bibi mkononi, imejaa pumba hadi nusu. Aliitikisa kwa nguvu, mikono yote miwili, akaiweka chini, akachuchumaa kuitazama. Wenzake wakachuchumaa naye. Chembe za chumvi zilikuwa zimeshika kwenye kioo, pande zote, kama umande.

"Bado, Mwalimu," aliniambia. "Inanata."

Nilitazama mawingu, nikamtazama na yeye. Tukaingiza sanamu ndani moja moja, ng'ombe wa kwanza, tukazipanga juu ya meza ya sakristia bila kuzifunga, na mimi nikaenda stesheni kuulizia treni ya wiki ijayo.